Robert Christgau na Alama Zake: Namna ya Kumsoma Mhakiki Anayewagawa Wapenzi wa Muziki

Mwaka 1997 bendi ya Radiohead ya Uingereza ilitoa albamu ya OK Computer, na wahakiki wa Ulaya na Marekani wakaipokea kama tukio la kihistoria. Robert Christgau, mhakiki wa gazeti la Village Voice la New York, aliipa B- na kuitaja kuwa albamu iliyoanguka ya mwezi ule. Miaka mitatu baadaye bendi hiyohiyo ilitoa Kid A, ambayo iliwaacha njia panda wengi waliokuwa wameishangilia ile ya kwanza, naye akaipa A-. Hadi leo wapo wanaozitumia alama hizo mbili kama ushahidi kwamba Christgau hajui kusikiliza, au kwamba anajua lakini hupenda kubisha tu.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba hakuna mhakiki wa muziki wa Marekani anayefaa kusomwa kwa mapana kuliko yeye, na kwamba mambo yanayowaudhi watu katika kazi yake yamefungamana na yale yanayoifanya kazi hiyo kuwa ya thamani, kiasi kwamba ukiondoa haya, yale nayo hayabaki. Lakini ili kuliona hilo ni lazima kwanza kutenganisha mambo ambayo mabishano ya kila siku huyachanganya: alama anazotoa, sentensi anazoandika, ladha aliyonayo, na makosa ya kweli aliyoyafanya.

Christgau alizaliwa New York mwaka 1942, baba yake akiwa askari wa zimamoto, akakulia katika eneo la Queens na kuhitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1962, alikosomea fasihi ya Kiingereza. Hakuanzia kwenye muziki. Mojawapo ya kazi zilizomtambulisha ni makala ya mwaka 1966 juu ya mwanamke kijana aliyefariki kwa kushikilia lishe kali iliyodaiwa kusafisha mwili, nayo ni kazi ya mwanahabari mwenye jicho kali na subira. Mwaka 1967 alipewa safu ya muziki katika jarida la Esquire, wakati ambapo kazi ya kuhakiki roki ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa na vijana wachache walikuwa wakijitungia kanuni zake huku wakiandika. Mwaka 1969 alihamia Village Voice, na baada ya kuliacha kwa muda kwa ajili ya gazeti la Newsday, alirudi mwaka 1974 akiwa mhariri wa muziki. Jina la Mkuu wa Wahakiki wa Roki wa Marekani alijipa mwenyewe. Lilianza kama mzaha, kisha likamganda.

Safu iliyomjenga na kumponza inaitwa Consumer Guide, yaani mwongozo wa mnunuzi, na ilianza Julai 1969. Jina lenyewe lilikuwa la uchokozi. Wasomaji wa Village Voice walikuwa vijana waliojiona wameupa ubepari kisogo, na kuwaambia kwamba wao ni wanunuzi kama wanunuzi wengine wowote, na kwamba albamu wanayoiabudu ni bidhaa yenye bei ambayo inafaa wajue kama inalingana na fedha zao, kulikuwa ni kuwagusa palipo na kidonda. Christgau, ambaye siasa zake ni za mrengo wa kushoto, hakuona kwamba kutaja bei ya santuri ni kuusaliti muziki. Aliona kwamba msomaji mwenye fedha kidogo anastahili ukweli mfupi kabla hajaingia dukani.

Ndani ya safu hiyo kila albamu hupewa aya moja, na mwisho wa aya ipo alama, kama ya mtihani wa shule. Katika miongo miwili ya mwanzo alama hizo zilianzia A+ hadi E-. Hapa ndipo kutoelewana kwingi kunapoanzia, kwa sababu watu wengi huzisoma kana kwamba zinatoka kwa mwalimu mkarimu ambaye kwake chochote kilicho chini ya A ni aibu. Ufafanuzi alioutoa mwenyewe ni tofauti kabisa. A+ ni kazi bora iliyotungwa kwa umoja, ambayo kila unapoirudia inakupa msisimko mpya, na haitarajiwi kuwa na zaidi ya wimbo mmoja wa kawaida tu. B+ ni albamu nzuri, ambayo angalau upande mmoja wa santuri unasikilizika kwa raha inayodumu, na upande wa pili una walau wimbo mmoja wa kufurahisha. Kwa hiyo alipoipa B+ What's Going On ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, jambo ambalo bado linawachoma wengi, alikuwa akiwashauri wasomaji wainunue. Mtu anaweza kusema, nami ningesema hivyo, kwamba alama hiyo ni ndogo mno kwa kazi ile. Lakini kusema kwamba aliidharau ni kuisoma herufi kwa ufunguo usio wake.

Mwaka 1990 alibadilisha utaratibu. Albamu zilikuwa zimezidi mno, naye akaamua kwamba nafasi yake ni ya kutumiwa hasa kwa zile za B+ na kwenda juu. Nyingine zikatajwa kwa sentensi moja tu, nyingine kwa wimbo mmoja au miwili iliyofaa, na zilizoshindwa zikaorodheshwa kwa picha ndogo ya bomu bila maelezo, isipokuwa ile aliyoitaja kuwa albamu iliyoanguka ya mwezi. Kila mwaka karibu na sikukuu ya Shukrani, Wamarekani wanapochinja bata mzinga, alitenga safu nzima kwa albamu mbaya. Maana yake ni kwamba msomaji anayelinganisha alama ya mwaka 1975 na ya mwaka 1995 lazima ajue kwamba anasoma mifumo miwili, na kwamba B- ya mwaka 1997, ile ya OK Computer, ilikuwa ni hatua ya makusudi ya kuichagua albamu iliyosifiwa sana ili aeleze kwa nini yeye hakushawishika.

Hata hivyo, anayebaki kwenye herufi hajamfikia mwandishi. Kazi yake halisi imo kwenye aya, na aya hiyo, ambayo aghalabu haizidi maneno 150, imeshindiliwa kama ubeti wa shairi: hakuna utangulizi, hakuna historia ya bendi, hakuna orodha ya wapiga vyombo ila pale inapobadilisha maana. Anachukulia kwamba msomaji anafahamu mengi, kisha anasema jambo moja au mawili ambayo msomaji hakuyafikiria. Mfano ambao wengi wanaufahamu ni wa mwaka 1980, juu ya Dirty Mind ya Prince, albamu aliyoipa A. Prince alikuwa kijana wa Minneapolis mwenye umri wa miaka 22, akiimba juu ya mapenzi ya kimwili kwa uwazi ambao redio haikuweza kuubeba. Christgau alimaliza aya yake kwa kusema kwamba sasa Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, akunje kiungo chake cha kiume aende nyumbani.

Sentensi hiyo hunukuliwa kwa sababu inachekesha na inashtua, lakini inafaa kuitazama kwa karibu. Jagger alikuwa kwa zaidi ya miaka 15 ndiye kielelezo cha mwanamume wa roki ambaye ashiki yake ilihesabiwa kuwa uasi, na sehemu kubwa ya mwendo wake jukwaani aliijenga kwa kuwaiga waimbaji weusi. Kwa maneno machache, Christgau anasema kwamba uasi ule umechakaa, kwamba mwenye mali amekuja kuichukua, na kwamba mwenye mali huyo anaimba kwa sauti nyembamba, amevaa chupi nyeusi kwenye jalada, na haogopi kuonekana nusu mwanamke. Hiyo ni historia ya rangi, jinsia na biashara ya muziki ikiwa imefungwa ndani ya tusi moja. Mwandishi mwingine angehitaji kurasa tatu kuyaeleza hayo, na msomaji angesahau mawili kati ya matatu.

Ufupi huo una gharama, na si haki kuificha. Kuna aya zake ambazo hata mtu aliyezaliwa New York hawezi kuzifungua bila kuzisoma mara tatu, na kuna nyingine ambazo baada ya kuzifungua unakuta wazo la kawaida lililovikwa mavazi mazito. Pia, msanii aliyehangaika mwaka mzima studio ana haki ya kuona uchungu anapokuta kazi yake imemalizwa kwa mistari sita na herufi. Mwimbaji wa roki Lou Reed alilisema hilo waziwazi katika maonyesho ya mwaka 1978 kwenye ukumbi wa Bottom Line, New York, yaliyorekodiwa na kutolewa kwa jina la Take No Prisoners: katikati ya wimbo alimtaja Christgau kwa jina, akamtukana, akauliza ni nani anayeweza kufanya kazi mwaka mzima kisha apewe B+ na mtu wa namna hiyo. Christgau aliihakiki albamu hiyo yenye matusi yake mwenyewe, akaipa C+, na akamshukuru Reed kwa kulitamka jina lake sawasawa. Linalosahaulika ni lililofuata: Reed alipotoa The Blue Mask mwaka 1982, Christgau aliipa A. Wanamuziki wa Sonic Youth nao, katika miaka yao ya mwanzo, walitunga wimbo wa kujivuna kwamba wamemuua; miaka ilivyoendelea aliwasifu kuliko karibu bendi nyingine yoyote ya kizazi chao. Kwa mtu anayetuhumiwa kuwa na kinyongo, hayo ni mambo mazito.

Suala la ladha ni tofauti na suala la alama. Christgau ana maeneo ambayo hayamwingii, naye huyataja bila kuficha: roki nzito ya vyuma, roki ya majaribio inayojinasibisha na muziki wa kitaalamu wa Ulaya, na sehemu kubwa ya muziki wa jazi uliochanganywa na roki. Albamu za mwanzo za Black Sabbath alizipa C-. Anapenda wimbo ulio mfupi, wenye mdundo unaotembea, wenye maneno yaliyofikiriwa, na wenye ucheshi. Anashuku kila sauti inayojiona kuwa tukufu. Mashabiki wa Black Sabbath hawana sababu ya kumtafuta kwa ushauri, lakini wana sababu ya kumsoma, kwa kuwa upendeleo wake haubadiliki kwa kufuata upepo. Anayezisoma aya 50 tu za Christgau tayari anafahamu mahali ambapo hukumu yake inahitaji kupunguzwa au kuongezwa, na kwa hiyo anaweza kuitumia hata pale asipokubaliana nayo. Mhakiki anayependa kila kitu kwa kiasi kilekile hatoi msaada huo.

Makosa ya kweli ni jambo jingine tena. Baada ya tamasha la muziki la Monterey, California, la mwaka 1967, aliandika katika Esquire kwamba mpiga gitaa Jimi Hendrix ni Uncle Tom wa zama za dawa za kulevya, yaani mtu mweusi anayejidhalilisha ili kuwafurahisha watazamaji weupe. Kulikuwa na hoja nyuma ya maneno hayo, kwani alikuwa akiutazama umati mweupe na kile ulichotaka kukiona kwa mtu mweusi mwenye gitaa; lakini kijana mweupe wa miaka 25 kumpa msanii mweusi jina hilo ni jambo lisilofutika kwa hoja, na zaidi ya hapo, masikio yake hayakuisikia siku ile gitaa iliyokuwa ikibadilisha muziki wa dunia. Sioni sababu ya kulitetea. Nalitaja kwa sababu anayetaka kumthamini mhakiki huyu kwa haki lazima alibebe na hilo, pamoja na ukweli kwamba mtu huyohuyo baadaye alikuwa miongoni mwa wahakiki weupe wa mwanzo kuichukulia hip hop kama sanaa kamili, akaipa A+ albamu ya pili ya Public Enemy mwaka 1988, na kwamba hakujiunga na kundi la wapenzi wa roki waliokuwa wakiitemea mate disko.

Nyuma ya uamuzi wake mwingi kuna wazo moja ambalo nadhani ndilo mchango wake mkubwa kwa fikra. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuzungumza juu ya muziki ambao ni nusu wa umma: muziki uliotungwa kwa sura na mbinu za nyimbo za kupendwa na wengi, lakini ambao kwa kweli haupendwi na wengi, bali na kundi dogo lenye elimu na muda. Wazo hilo linakata pande mbili. Linamzuia mpenzi wa bendi isiyojulikana kudai kwamba anasikiliza sauti ya wananchi, na linamzuia pia mwenye kudharau nyimbo za redio kudai kwamba wingi wa wapenzi ni ushahidi wa ubovu. Christgau alisisitiza kwamba kupendwa na watu wengi ni sifa ya kisanaa inayohitaji kuelezwa: kuna kitu ndani ya wimbo kinachowakusanya watu wasiofanana, na kazi ya mhakiki ni kukitafuta. Ndiyo maana aliweza kuandika kwa uzito uleule juu ya Michael Jackson na juu ya bendi iliyouza nakala elfu mbili, na ndiyo maana pande zote mbili zilimwona msaliti.

Akiwa mhariri, alizaa wahakiki wengine. Alichapisha kazi za Lester Bangs, na akawafungulia mlango waandishi weusi kama Nelson George na Greg Tate, ambao waliubadilisha uandishi wa muziki wa Marekani kwa namna ambayo yeye peke yake asingeweza. Waliopita mikononi mwake husimulia jinsi alivyokaa nao kuipitia makala mstari kwa mstari, neno kwa neno. Pia alianzisha kura ya mwaka ya wahakiki iliyoitwa Pazz & Jop, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1971 na kisha kila mwaka kuanzia 1974, ambamo kila mpiga kura aligawa pointi 100 kwa albamu 10. Kila baada ya kura aliandika insha ndefu, na humo ndimo anamotakiwa kusomwa na yeyote anayedhani kwamba anajua kuandika mafupi tu.

Mwaka 2006 wamiliki wapya wa Village Voice walimwachisha kazi, akiwa na umri wa miaka 64. Aliihamisha safu yake kwenye tovuti ya MSN, baadaye kwenye majukwaa mengine ya mtandaoni, na tangu mwaka 2019 huwatumia wasomaji wake moja kwa moja kwa usajili. Albamu alizozihakiki zimepita elfu kumi, na karibu zote zinasomwa bure kwenye tovuti yake, zikiwa zimepangwa kwa jina la msanii. Kwa macho yangu, wingi huo uliopangwa ndio kazi yenyewe. Hakuna aya moja iliyo kubwa. Kikubwa ni kwamba sikio lilelile limekaa mbele ya spika kwa zaidi ya nusu karne, likirudia kila albamu mara nyingi kabla ya kusema neno, na limeacha kumbukumbu ya kila lilichosikia.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mlango wa karibu zaidi. Wahakiki wengi wa roki wa rika lake waliishia kwenye muziki wa ujana wao, lakini kuanzia miaka ya 1980 Christgau alianza kuisikiliza Afrika kwa bidii, bila kuutenga muziki wake kwenye rafu ya mambo ya kigeni. The Indestructible Beat of Soweto, mkusanyo wa nyimbo za Afrika Kusini zilizoimbwa hasa kwa Kizulu, wenye sauti nzito ya Mahlathini na kwaya ya Ladysmith Black Mambazo, ulipata A+, alama ileile aliyowapa Rolling Stones kwa Exile on Main St. Amemfuatilia Franco wa Kinshasa kwa miongo, na mikusanyo miwili ya Francophonic iliyotolewa na lebo ya Sterns mwaka 2008 na 2009 aliisifu kwa furaha isiyojificha. Na kuna mkusanyo wa Guitar Paradise of East Africa wa mwaka 1990, ambamo wamo Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliohamia Nairobi mwaka 1974, na wimbo wao wa Shauri Yako. Huo nao aliuweka kwenye daraja la A.

Hapo uwezo wake na ukomo wake huonekana kwa pamoja. Anayasikia magitaa kwa usahihi wa kushangaza: anajua ni wakati gani gitaa la kwanza linapoachia na la pili kuingia, anajua tofauti ya mwendo wa rumba ya Kinshasa na kasi ya benga ya Ziwa Viktoria, na anajua kwamba sehemu ile ambapo waimbaji wanatulia na magitaa yanachukua uwanja ndipo mchezaji anaposubiri. Lakini maneno hayamfikii, naye hukiri hivyo. Msikilizaji wa Kisumu au Dar es Salaam, anaposikia waimbaji wa Mazembe wakitamka “shauri yako”, hupokea kwanza lawama ya mtu aliyechoka kuonya, ndipo apokee gitaa. Utamu wa wimbo kwake upo katika jinsi magitaa yanavyocheka huku maneno yakinung'unika. Christgau amepata nusu ya utamu huo, na kwa nusu hiyo peke yake aliwaambia Wamarekani waende wakaununue. Nusu ya pili inamsubiri mhakiki anayeyasikia maneno hayo tangu utotoni, ambaye atarudia rekodi ya Super Mazembe, ya Mbaraka Mwinshehe na ya Marijani Rajab mara nyingi kama Christgau alivyorudia zake, kisha aandike aya isiyozidi maneno 150 na kutia alama chini yake bila kuogopa atakayekasirika.